Nyika ya Mbio za Nyika

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika maelezo ya njia za kukimbia mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Mteja alikuwa ng'ambo, malipo yalihesabiwa kwa neno, na mimi nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili. Alitaka njia nne ndani ya Wimbledon Common, kusini-magharibi mwa London: urefu wa kila moja, hali ya udongo, pa kuanzia, pa kunywa kahawa baadaye. Basi nikafungua ramani za setilaiti, nikafungua picha walizopiga watu, nikaanza kukimbia kwa macho nikiwa nimekaa kitandani Zimmerman, laptopu juu ya magoti.

Ukiacha chuo mwaka wa tatu kama mimi, hizi ndizo kazi zinazokupata. Unasifu viatu usivyovivaa na hoteli usiyoilala. Nimezoea. Lakini hii ilinishika vibaya, kwanza kwa sababu mimi mwenyewe ni mkimbiaji, wa jasho tu, si wa medali, na pili kwa sababu ya neno moja ambalo nilikuwa nalo tangu utotoni bila kulifungua.

Mbio za nyika. Kila mtoto aliyekulia Kenya amelisikia redioni. Ngugi ameshinda mbio za nyika, Tergat ameshinda mbio za nyika. Lakini nyika yenyewe iko wapi? Kwa watu wa pwani, nyika ni ile bara kavu nyuma ya minazi, vichaka na miiba, nchi usiyopita bila sababu. Shuleni kwetu mbio za nyika zilianzia kwenye milingoti ya goli, zikafuata barabara ya murram, zikakata shamba la mahindi la mwalimu mkuu na kurudi kupitia kwa mto. Hakukuwa na nyika. Nikadhani aliyetafsiri alishika neno lolote lililokuwa karibu akaendelea na maisha yake.

Kumbe alilenga shabaha, hata kama hakukusudia. Klabu ya kwanza duniani ya mchezo huu ilizaliwa kwenye nyika halisi, na ni hiyo hiyo niliyokuwa nikiichora kwa mteja wangu.

Hebu niieleze vile ilivyo, maana picha ya Wimbledon kichwani mwa wengi wetu ni tenisi na stroberi. Juu ya kilima, kuna ardhi tambarare ya mchanga na changarawe, yenye asidi, isiyoweza kulisha mahindi hata ukiipigia magoti. Kinachomea hapo ni vichaka vifupi vya kufika gotini, vigumu kama ufagio, ambavyo mwezi wa Agosti huchanua zambarau. Katikati yake kuna kichaka kingine chenye miiba mikali na maua ya manjano. Ukoo wa hivyo vya zambarau tunao pia: panda Nyandarua au Mlima Kenya upite msitu na mianzi, utakuta ndugu zake wamekuwa miti kabisa, wananing'iniza ndevu za kuvu kwenye ukungu. Kule London wamebaki wafupi. Njia za kukimbia zinapita katikati yao, mchanga mweupe umekanyagwa mpaka ukawa mgumu, kisha zinashuka ghafla chini ya miti hadi kijito cha Beverley Brook, ambako udongo unageuka kuwa matope yanayovua watu viatu. Katikati ya yote kuna kinu cha upepo kilichojengwa mwaka 1817. Ndani ya nyumba ya kinu hicho Baden-Powell aliandika sehemu ya kitabu chake cha maskauti kilichotoka 1908, na kama uliwahi kuvaa skafu ya skauti basi unajua alikozikwa: Nyeri.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba nyika ile si ya asili tupu. Imetengenezwa na watu maskini. Kwa karne nyingi wanakijiji walilisha ng'ombe pale na kukata vichaka vya miiba kuwasha moto wa jikoni. Hiyo miti ikijaribu kuota, inaliwa au inakatwa. Malisho yalipokoma, miti ikaanza kurudi, na leo wanaoitunza nyika ile wanatoka na misumeno kung'oa miti michanga ili vichaka vipate jua. Mimi nimelelewa kwenye nchi ya Wangari Maathai. Kusoma kwamba kuna hifadhi inayookolewa kwa kung'oa miti kulinifanya niinuke kitandani nikachemshe chai.

Ardhi hii ilikuwa ya nani? Hapo ndipo hadithi inapoanza kufanana na zetu. Kwa karatasi ilikuwa ya bwana mkubwa, Earl Spencer, wa ukoo ule ule uliokuja kumzaa Princess Diana. Lakini wanakijiji walikuwa na haki za zamani juu yake: kulisha, kukata kuni, kuchota changarawe. Ilikuwa yake na haikuwa yake. Mwishoni mwa 1864 Spencer akatangaza mpango. Angeuza kipande kikubwa, upande wa Putney Heath, kisha kwa pesa hizo azungushie uzio sehemu iliyobaki, aiite bustani ya umma, na ajijengee nyumba pale penye kinu. Alisema pamejaa maji, takataka na wahuni, na kwamba anawasaidia. Nani hajawahi kusikia maneno hayo? Kila anayetaka kuchukua kiwanja cha watu Nairobi huanza kwa kukuonyesha takataka zilizopo.

Waliompinga hawakuwa wachungaji wa ng'ombe, na hili nalisema wazi kwa sababu hadithi za aina hii hupambwa. Walikuwa matajiri wenye majumba ya kutazamana na nyika ile, wakiongozwa na Henry Peek, mfanyabiashara na mbunge. Hawakutaka mandhari yao iuzwe. Lakini wakili wa tajiri ni wakili pia, na haki walizozishika mkononi kama silaha zilikuwa zile za zamani za maskini. Mabishano yalikwenda bungeni na mahakamani kwa miaka saba. Mwaka 1871 ikatoka sheria: nyika ibaki wazi, isizungushiwe uzio, isijengwe. Spencer alipewa pauni 1,200 kila mwaka kama fidia. Usimamizi ukawekwa mikononi mwa wahifadhi ambao wengi wao huchaguliwa kwa kura na wakazi wa karibu, na wakazi hao ndio hulipa kodi maalum ya kuitunza. Karibu hekta 460, pamoja na Putney. Hakuna geti. Mgeni kutoka popote anashuka basi na kuanza kukimbia, na bili inakwenda kwa majirani.

Sasa tazama tarehe. Kesi ikiwa bado inaendelea, Desemba 1867, vijana wa klabu moja ya kupiga makasia kwenye mto Thames walitafuta namna ya kuweka mwili sawa majira ya baridi, wakaandaa mbio kuvuka Wimbledon Common. Wakazipenda. Mwaka uliofuata wakaanzisha klabu iitwayo Thames Hare and Hounds, yaani Sungura na Mbwa wa Kuwinda. Kiongozi wao alikuwa Walter Rye, wakili kijana mwenye mapenzi ya historia. Wanafunzi wa shule za bweni za Uingereza walikuwa wakikimbia hivyo miaka mingi kabla, lakini hakukuwa na klabu ya watu wazima iliyoundwa kwa ajili hiyo tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Wakimbiaji wawili, sungura, wanatangulia wakiwa na mifuko ya karatasi zilizochanwachanwa. Wanakimbia popote wanapotaka huku wakimwaga karatasi nyuma yao, mara nyingine wanaweka njia ya uongo inayoishia kwenye kinamasi. Baada ya dakika kadhaa, mbwa wanaachiliwa: kundi zima linafuata karatasi, linapiga kelele, linapotea, linarudi. Upepo ukivuma, karatasi zinakwenda na njia inakwenda nazo. Mwaka 1876 waliandaa ubingwa wa kwanza wa Uingereza, safari hiyo katika msitu wa Epping upande wa pili wa London, na wakimbiaji wote walipotea. Wote. Matokeo yakafutwa. Mwaka uliofuata wakarudia, na Thames Hare and Hounds wakashinda.

Mchezo kama huo unahitaji ardhi ambayo haikuulizi unakwenda wapi. Sungura hawezi kuchagua njia kwenye bustani yenye uzio, geti na mlinzi wa bwana mkubwa akikaa kwenye kinu. Sisemi kwamba mbio za nyika zisingekuwepo bila kesi ile, maana watu wangekimbia kwingine. Nasema tu kwamba wale vijana wa mtoni walipokuwa wakimwaga karatasi zao, haikuwa imeamuliwa bado kama watakuwa na haki ya kuzimwaga pale mwaka unaofuata. Hata leo kuna masalio ya makubaliano hayo ya kugawana nyika. Wacheza gofu hapo lazima wavae nguo nyekundu juu, ili mkimbiaji na mtembea na mbwa wawaone kabla mpira haujawaona wao.

Kutoka hapo mpaka kwetu ni safari ndefu, nitaifupisha. Waingereza walibeba mchezo huu mpaka Kenya pamoja na shule, kambi za polisi na kambi za jeshi, na sisi tukauchukua tusirudishe. Mwaka 1986 huko Neuchâtel, Uswisi, John Ngugi alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za nyika, na timu ya wanaume ya Kenya ikachukua taji ambalo haikuliachia mpaka baada ya 2003. Mara 18 mfululizo. Machi 2007 dunia nzima ilikuja Mombasa kukimbia kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari, na joto la pwani likamtoa njiani hata Kenenisa Bekele. Nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka baba akipigia televisheni kelele kana kwamba inamsikia.

Lakini walileta pia kitu kingine, na hiki hakiimbiwi. Kizazi kile kile kilichoandika sheria kwao ya kuzuia bwana mkubwa asizungushie uzio ardhi ya watu, kilizaa watoto waliokuja hapa kuandika sheria kinyume chake. Sheria ya ardhi ya 1902, halafu ya 1915, ambayo kwayo ardhi waliyokalia Waafrika ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Kule, haki ya zamani ya mtu kukata kuni ilitosha kumsimamisha Earl mahakamani. Huku, haki ya zamani ya mtu kukata kuni haikuwa hata na jina kwenye karatasi. Mwaka 1932 msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, ukatangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali. Sehemu kubwa ilipandwa mikaratusi, mti mgeni unaokua haraka, kwa ajili ya kuni za reli.

Karura ndiko ninakokimbilia. Kwa hiyo kila nilipopima kilomita za Wimbledon kwenye skrini, miguu yangu ilikuwa ikikumbuka njia nyingine.

Mnazijua habari zake, lakini mara nyingi tunazisimulia kama za kwenye bango, kwa hiyo niruhusu. Miaka ya tisini, zaidi ya nusu ya hekta elfu moja na kidogo za Karura ziligawiwa kampuni binafsi kimyakimya. Watu walikuja kushtuka wakisikia matingatinga. Oktoba 1998 waandamanaji waliingia na vifaa vya ujenzi vikachomwa. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai, wabunge wa upinzani, wanahabari na wafuasi wa Green Belt Movement walienda getini wapande mti. Mti mmoja. Walinzi wa kukodiwa wakawashambulia kwa marungu na mijeledi, Maathai akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi cha Muthaiga kuandikisha, na mwenyewe ameeleza kwamba alitia sahihi kwa damu yake. Mwisho wa mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kupambana na polisi kwa ajili ya msitu ambao wengi wao, nadhani, hawakuwahi kuutembelea. Vyuo vikafungwa. Mimi niliyeacha chuo kwa sababu ya karo nikiwaza wale waliofukuzwa darasani kwa sababu ya miti, naona haya kidogo. Agosti 1999 Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hadithi nyingi huishia hapo, mti umeshinda. Lakini mwaka 2000 au 2005 usingeweza kukimbia Karura. Ulikuwa msitu wa majambazi, wa kukata miti usiku, wa maiti kutupwa. Mama zetu walitumia jina lake kututisha. Ardhi ilikuwa ya umma kwa karatasi, na umma haukuthubutu kuingia. Kilichobadilisha mambo kilikuja kuanzia 2009: chama cha wananchi, Marafiki wa Msitu wa Karura, kikaungana na Huduma ya Misitu, na kitu cha kwanza walichotafutia pesa kilikuwa uzio. Uzio wa umeme kuzunguka msitu. Vijana wa kijiji cha Huruma, pembeni mwa Runda, baadhi yao waliokuwa wakiishi kwa kukata miti ile, wakaajiriwa kuwa walinzi wake. Mwaka 2011 umma ukakaribishwa rasmi. Sasa kuna zaidi ya kilomita 50 za njia, nguzo zenye namba kila njia panda, maporomoko, mapango, kima weupe kwa weusi waliorudishwa, na mikaratusi inakatwa taratibu ili mihugu na mikinduri irudi.

Hapo ndipo kazi yangu ya kwa-neno ilipokwama. Nyika ya Wimbledon iliokolewa kwa kuzuia uzio. Msitu wa Karura uliokolewa kwa kuweka uzio. Nilijaribu kuandika sentensi moja ya kuunganisha haya mawili kwa ajili ya mteja, nikashindwa, maana kila moja inakanusha nyingine na zote ni kweli.

Unajua uzio una nini? Una geti. Na geti lina bei. Nilipoanza ilikuwa shilingi mia, na mia si kitu, mpaka siku ambayo huna. Mwaka 2025 kulizuka mvutano mkubwa kuhusu ada hizo ziingie akaunti gani, ya serikali au ya ushirika uliokuwa ukiendesha msitu, na jambo likafika mahakamani. Nilifuatilia kila siku. Watu wa mtandaoni walikasirika, nami nikakasirika pamoja nao. Hata hivyo niliona wazi kwamba tunabishana pesa zinakwenda wapi, na wala hatuulizi nani anabaki nje kwa kukosa hizo pesa.

Naulizia kwa sababu mwezi ule nilikuwa nje. Mteja alichelewesha malipo wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mia ya geti ikawa mia ya unga. Nikawa nakimbia kando ya Kiambu Road asubuhi, kwenye vumbi, magari ya Ridgeways yakinipita sikioni, uzio mkono wangu mmoja. Nyuma ya nyaya nilikuwa naona njia nyekundu yenye majani makavu, na watu wanapita taratibu wakizungumza. Siwalaumu. Wanalipa, msitu unalindwa, hakuna anayenyongwa humo tena. Bila zile nyaya mimi na wao wote tungekuwa barabarani, au mle ndani kungekuwa na mtaa wa kifahari wenye jina la mti uliokatwa. Nalijua hilo kabisa. Lakini kulijua hakupunguzi vumbi.

Majirani wa Wimbledon hulipa ili mpita njia asilipe. Sheria ya 1871 iliwabebesha hivyo, wapende wasipende. Nimewaza mara nyingi ingekuwaje kama Runda, Muthaiga, Gigiri na zile balozi zote wangetumiwa bili ya Karura kila mwaka, kisha geti liachwe wazi mchana. Rafiki yangu mmoja niliyemweleza wazo hili alicheka mpaka akakohoa. "Buda, hao? Watakuletea uzio mwingine nje ya huo."

Nilituma maelezo yangu Jumapili usiku. Njia nne, kila moja na urefu wake, na mwanzoni nikaweka aya ya Earl na sungura. Mteja alijibu baada ya siku tatu. Kazi nzuri, alisema, ila toa historia, wakimbiaji hawaihitaji, na ongeza mistari miwili kuhusu maegesho ya magari. Nikatoa. Nikaongeza. Pesa iliingia Ijumaa, zile za kazi hii na za nyuma pamoja.

Jumamosi kabla jua halijapanda nilikuwa kwenye foleni ya geti, raba zangu zikiwa bado na vumbi la barabara, mbele yangu mama na binti yake kila mmoja akihangaika na simu kulipa. Soja wa pale ni mzee ninayemfahamu kwa sura, naye ananifahamu.

"Kijana, ulipotelea wapi mwezi mzima?"

"Nilikuwa London, mzee."

Akacheka, akatazama ujumbe wa malipo kwenye simu yangu, akainua mti.